Pasaka Hii Usilale Kando ya Mto Kwa Sababu ya Video Yangu

Pasaka imekaribia na inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Siste, twende wapi penye mto, miti, moto wa usiku, na haitatumalizia doo?" Wengi wananitumia ile video yangu ya zamani ya Sagana, ile ya hema lenye taa za manjano na mto unapita hapo tu mbele ya mlango. Wanauliza, "Hii place bado iko? Inaenda ngapi siku hizi?"

Nitawajibu nyote hapa mara moja. Msiende kulala pale kwa sababu ya ile video. Na ngoja niwaambie kwa nini, hata kama hiyo hadithi inaniweka pabaya.

Mnanijua, nimewaambia mara nyingi: niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imenishinda, na video zilikuwa zimeanza kuleta pesa kidogo. Januari 2024 kambi moja kando ya mto ikanipigia. Siku mbili bure, chakula bure, na elfu nane kwa M-Pesa. Kwa msichana aliyekuwa anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili, hiyo ilikuwa kama kushinda bahati nasibu. Nikaenda. Jua lilikuwa linawaka, mto ulikuwa chini, unaona mpaka mawe. Wakanipa hema la karibu zaidi na maji, hatua kama kumi hivi. Nikaliita "hema bora kuliko yote." Nikawapa namba ya punguzo yenye jina langu. Sikuwaambia kama nililipwa.

Aprili mwaka huo huo, mbogi ya watu sita wakaenda. Walikuwa wamechanga tangu Februari, elfu moja moja kwa kikundi cha WhatsApp. Wakaomba lile hema na lile lililo kando yake, juu mimi ndio nilisema ni bora. Saa tisa usiku wakaamshwa na mlinzi anagonga sufuria na kijiko, anapiga mayowe. Wakati huo godoro lilikuwa limeshalowa. Walipanda kilima peku, gizani, na mvua haikuwa inanyesha pale walipokuwa. Hiyo ndio sehemu mmoja wao alirudia mara tatu kwa sauti aliyonitumia asubuhi: "Siste, hakukuwa na mvua. Mawingu hata hayakuwepo. Maji yalitoka wapi?"

Hakuna aliyekufa. Simu nne zilienda, laptopu moja ikaenda na kazi yote ya mradi wa mwaka wa mwisho, na msichana mmoja akashonwa mguu. Pesa hawakurudishiwa. Waliambiwa mafuriko ni kazi ya Mungu.

Kitu cha kwanza nilifanya ni kufuta ile video. Nilifikiri hiyo ni kuwajibika. Baadaye nikagundua nilikuwa naficha ushahidi tu, na kwamba nakala zake zilikuwa zimesambaa kwa akaunti zingine kumi. Ile elfu nane niliwatumia, polepole, ikaisha Agosti. Siandiki haya ndio mnipigie makofi. Naandika juu kuna kitu nilikuwa najua tangu utotoni na nikakinyamazia kwa sababu picha ilikuwa inatoka poa.

Mamangu ni wa Budalang'i. Kama hujui Budalang'i, ni kule Busia ambako Mto Nzoia unaingia Ziwa Victoria, na kila mtu wa huko ana hadithi ya tuta kupasuka. Kwa nyumba ya kukhu, nyanya yangu, kuna mstari wa kahawia ukutani, juu kidogo ya kiuno cha mtu mzima. Hajawahi kuupaka rangi. Tukiwa wadogo tulimuuliza mbona hausafishi, akasema, "Nikiusafisha mtasahau." Na alitufundisha kitu kimoja: mvua ya kuogopa si ile unayoiona. Mvua inanyesha Cherang'any na Mlima Elgon, na wewe Budalang'i unaamka ndani ya maji huku nyota ziko juu.

Sagana ni hivyo hivyo. Maji yanayopita pale yametoka Mlima Kenya na Aberdare. Ndio mwanzo wa Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya. Ukiwa umekaa kwa kiti chako unakunywa chai na jua linawaka, mvua inaweza kuwa inamwagika Nyeri, na hayo maji yako njiani. Mimi, mjukuu wa Budalang'i, ndio niliwaambia watu walale hatua kumi kutoka kwa maji kama hayo. Hebu fikiria.

Na msidhani hii ni shida ya kambi za bei ya chini. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2024, Mto Talek ulivunja kingo kule Maasai Mara. Kambi nyingi zikaingia maji, na kuna watalii waliotolewa kwa helikopta. Hao ni watu waliolipa kwa dola. Walikuwa na vitanda vya mbao, mashuka meupe, na mtu wa kuwaletea kahawa alfajiri. Mto haukuuliza nani amelipa ngapi. Msimu huo wa mvua uliua zaidi ya watu 200 nchini, wengi wao nyumbani kwao, watu ambao hawakuwa na pahali pengine pa kwenda. Sisi wa kwenda kutembea tuna bahati moja ambayo wao hawakuwa nayo: tunachagua. Sasa mbona tunachagua vibaya?

Ama kumbuka Hell's Gate. Aprili 2012, vijana saba wa kanisa walisombwa na maji kwenye lile korongo. Septemba 2019 ikatokea tena, watu saba tena, akiwemo mwongozaji wao. Korongo lilikuwa limekauka walipoingia. Kati ya hiyo miaka 7, maelfu wamepiga picha pale ndani na wakarudi nyumbani salama, na kila picha iliambia anayefuata kwamba ni sawa tu. Hivyo ndio picha hufanya kazi. Inaonyesha siku moja, na siku hiyo imechaguliwa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua kuna wenye biashara watanuna: hema la karibu kabisa na maji si hema bora. Ndilo baya zaidi kwa kambi nzima, na sisi wenye kamera ndio tumelifanya liwe la bei ghali. Kitu unafaa kulipia ni urefu wa kilima, umbali kutoka kwa mto, na mlinzi ambaye halali. Mto utausikia tu hata ukiwa juu. Sauti ya maji haihitaji uwe umeyakanyaga.

Sasa, kwa wale ambao bado wanataka kwenda, na mimi pia bado naenda, haya ndio maswali ninayouliza siku hizi kabla sijatuma hata shilingi.

La kwanza: maji yalifika wapi 2024? Usiulize mtu wa mapokezi peke yake. Uliza mtu wa boda anayekutoa stejini, uliza mama wa mandazi hapo nje, uliza mlinzi. Hao hawana sababu ya kukudanganya. Na ukifika, angalia miti ya ukingoni. Ukiona nyasi kavu, matambara na karatasi za plastiki zimenasa kwenye matawi juu ya kichwa chako, hazikupelekwa na upepo. Huo ndio mstari wa ukuta wa kukhu. Kama hema lako liko chini ya huo mstari, omba lingine.

La pili: hema liko mita ngapi kutoka ukingoni? Kenya tulitungiwa kanuni za ubora wa maji mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira. Zilisema usijenge wala kulima ndani ya nafasi inayolingana na upana wa mto, isipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, na ziliangalia pale maji yaliwahi kufika juu zaidi. Wewe si afisa wa serikali, lakini una miguu. Hatua 40 za kawaida zinakukaribisha mita 30. Na kabla hata hujatoka nyumbani, fungua ramani ya simu, weka picha ya setilaiti, utaona mapaa ya mahema na mto. Inachukua dakika mbili.

La tatu: usiku kuna nani macho, na tunatokea wapi? Kambi nzuri itakuambia bila kubabaika: mlinzi ni huyu, anapiga kengele hii, mnapanda kwa njia ile, tunapigiwa simu na watu wa juu maji yakianza kuongezeka. Kambi mbaya itakuambia "usijali, hapa hakuna shida." Nimejifunza kuogopa hilo neno "usijali" kuliko mamba. Angalia pia kama njia ya kutoka ni moja tu, na kama hiyo moja inapita kwa daraja la mbao ama kwa tope jeusi. Ikinyesha, hapo hata Probox haitoki.

La nne: ni mwezi gani? Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba. Sasa angalia kalenda. Pasaka huanguka Machi ama Aprili. Yaani wikendi ndefu tunayoingojea mwaka mzima iko katikati ya msimu mbaya zaidi wa kulala kando ya mto. Ukiweza kungoja, ngoja. Januari na Februari ni kuzuri. Juni hadi Septemba pia, ingawa Julai ukanda wa Mlima Kenya una baridi ya kuingia kwa mifupa, beba sweta na soksi. Na ukiangalia utabiri wa hali ya hewa, usiangalie tu pale unaenda. Angalia pale mto unatoka. Ukienda Sagana, angalia Nyeri. Ukienda kwa Mto Mara, angalia Mau.

La tano: tukighairi kwa sababu ya mvua, pesa inarudi? Uliza kwa ujumbe wa kuandikwa, si kwa simu, na uweke hiyo picha ya mazungumzo. Juu kitu kinachofanya watu waende hata wakiwa na wasiwasi ni malipo ya awali. Ile mbogi ya watu sita waliona mafuriko kwa habari wiki nzima. Mmoja aliwaambia, "Si tuahirishe?" Wakajibiwa na kambi kwamba pesa hairudi. Elfu tatu kila mtu. Wakaona heri waende. Elfu tatu nusura imalize watu sita.

La sita ni yale madogo ambayo video haionyeshi. Kuna neti kwa kitanda? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Mwea iko hapo jirani, na watu wa huko wenye mashamba ya mpunga wanaijua kichocho vizuri, kwa hivyo usiingie kwa kila dimbwi la maji yaliyotulia ukidhani ni bwawa la kuogelea. Ukishuka mto na rafti ya mpira, jaketi la kuokoa maisha likukae kifuani, lisining'inie. Kofia ngumu iwe na mkanda unaofunga. Kama mwongozaji hajawaeleza cha kufanya mkipinduka kabla hamjaingia majini, mmeshapata jibu, shukeni. Na pombe ingojee jioni. Kama ni Mara, Galana ama Tana ya chini, kuna jambo lingine: kiboko hutoka majini usiku kula nyasi. Njia ya kutoka hemani kwenda chooni ni njia yake pia. Uliza kama kuna mtu wa kukusindikiza.

Najua mtasema nini, juu nimeshaambiwa.

Wa kwanza atasema, "Siste, hayo maswali ni ya watu wenye pesa. Sisi tunaenda penye tunaweza." Ninakuelewa, mimi pia natoka huko. Lakini maswali ni ya bure. Na kuna njia ambayo haipendezi kwa picha lakini inafanya kazi: lala mjini. Sagana mjini ni kama kilomita 100 kutoka Nairobi, matatu za Karatina na Nyeri zinapita hapo. Chukua chumba cha kawaida cha ghorofa, chenye mlango na kitasa, kisha asubuhi panda boda uende mtoni. Kula samaki, shuka na rafti, piga picha zako zote, na jua likianza kuzama urudi mjini. Mto ni wa mchana. Hakuna mtu atajua kwa picha kwamba hukulala pale, na ukweli ni kwamba ukishalala huoni mto, unaona ndani ya macho yako tu.

Wa pili atasema ninaharibia watu kazi. Huyu namsikiza zaidi. Kuna vijana wa rika langu Sagana wanaokula kwa sababu ya mto: waongozaji, wapishi, watu wa boda, yule mlinzi aliyegonga sufuria. Wageni wakikosa, wao ndio hukosa kwanza, si mwenye kambi. Lakini jiulize nani aliokoa wale watu sita. Si mwenye kambi, alikuwa Nairobi. Ni mlinzi wa usiku, kwa sufuria ya jikoni, bila kengele, bila taa ya maana. Tukiuliza maswali haya kila mtu, kila mara, huyo mlinzi atanunuliwa kengele. Tusipouliza, pesa yote itaendelea kwenda kwa taa za manjano, juu taa ndizo huonekana kwa video.

Wa tatu ni wenzangu wa kamera, na nyinyi mnaniambia, "Usituchomee." Manze, tumejichoma wenyewe. Tunaenda siku ya jua, tunapewa hema la mbele, tunakula bure, halafu tunamwambia mtoto wa chuo aliyechanga tangu Februari kwamba ni mahali salama. Hatukusema salama kwa mdomo, tulisema kwa muziki na kwa taa. Kuanzia sasa, video yangu yoyote ya pahali pa kulala itasema mambo matatu mwanzoni kabisa: nani amelipa, nilienda mwezi gani, na maji yalifika wapi mara ya mwisho. Kambi ikikataa nisiseme hayo, siendi. Tangu nianze kusema hivyo, kambi mbili zimeninyamazia. Moja ilinijibu, ikanitumia picha ya jiwe walilopaka rangi nyeupe pale maji yalifika 2024, na mahema yote yako juu yake. Hiyo moja inatosha kuniambia inawezekana.

Ile video ya zamani nimeirudisha. Nilikuwa nimeihifadhi. Sasa ukiifungua, sekunde kumi za kwanza ni sauti ya yule mwanambogi, amenipa ruhusa, anauliza maji yalitoka wapi. Halafu ndio taa za manjano zinakuja. Imepata laiki chache kuliko mara ya kwanza, na watu wachache sana wameniuliza bei. Ni sawa.

Kukhu bado yuko Budalang'i. Mwaka jana nilimwonyesha hiyo video kwa simu. Aliangalia hema, akaangalia mto, akauliza swali moja tu: "Na hawa, usiku huwa wanaenda wapi?" Hakuweza kuelewa kwamba wanalala hapo hapo, tena kwa kupenda, tena kwa kulipa.

Kama kwa mbogi yenu kuna yule mtu mmoja ambaye kila mara huambiwa "wewe unaogopa sana," mtumie hii. Na safari hii mwacheni achague hema.